Mtambo wa Vita, Raifo ya Mbuga: Mauser Kuukuu na Bonde la Kilombero

Mwindaji mwenye leseni anayetaka raifo ya kutumia katika bonde la Kilombero ana njia mbili za kuipata. Ya kwanza ni kununua silaha mpya ya kiwandani. Ya pili ina umri wa zaidi ya karne: kutafuta mtambo wa bunduki ya kijeshi iliyostaafishwa, hasa Mauser ya mwaka 1898, kisha fundi wa silaha aufungie mtutu mpya, kitako cha mti mzuri na vilengeo vipya, upate kuwa raifo ya kuwindia. Mtambo hapa ni bolti na mwili wa chuma unaoibeba, pale mtutu unapokazwa, pamoja na magazini na kifyatulio. Huo ndio unaozuia moto wa baruti usimrudie mpigaji usoni.

Njia hii ya pili ina heshima kubwa. Baadhi ya raifo zinazosifiwa kuliko zote katika uwindaji wa Afrika zilijengwa juu ya mtambo huo huo. Kwa hiyo ubora wa Mauser hauna mjadala tena. Kinachobaki kujadiliwa ni kama mtambo uliokwisha kupigana vita, ukalala ghalani miongo mingi na kupita mikono isiyojulikana, unastahili kuaminiwa leo mbele ya mbogo wa Kilombero na mbele ya sheria ya Tanzania. Hoja yangu ni kwamba chuma peke yake hakitoshi. Mtambo wa kijeshi unakuwa mali pale tu unapofuatana na vitu vitatu: namba inayoeleweka ilikotoka, kipimo cha fundi anayejua kazi yake, na kibali cha mamlaka. Ukikosa kimojawapo, unamhatarisha anayeushika, na bonde zima linaweza kulipa gharama.

Mabaki ya majeshi ya wenzetu

Bonde hili limekuwa likipokea masalia ya majeshi ya watu wengine tangu kabla ya ukoloni. Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kujaziwa baruti mdomoni na kuchukua zile za kupakia nyuma: Waingereza Snider kisha Martini-Henry, Wafaransa Chassepot kisha Gras, Wajerumani Mauser ya 1871. Bunduki kuukuu kwa mamia ya maelfu zikawa hazina kazi Ulaya, na wafanyabiashara wakazitafutia soko. Soko moja kubwa lilikuwa Unguja. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia pwani ya Afrika Mashariki kila mwaka. Zilipanda bara na misafara na kubadilishwa kwa meno ya tembo na kwa watu.

Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulijaribu kuufunga mlango huo. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, na kuwaachia wenyeji bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Mkataba uliandikwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, lakini matokeo yake yalikuwa mapana kuliko hayo. Wageni walibaki na bolti, Waafrika wakaachiwa gobore. Mgawanyo huo ulidumu katika sheria za wakoloni, Wajerumani na baadaye Waingereza, na gobore tunalolikuta bado vijijini ni mtoto wake.

Wapo waliouvunja mgawanyo huo kwa nguvu. Agosti 17, 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski na kuteka bunduki zipatazo 300. Hayo yalitokea upande wa pili wa milima ya Udzungwa, na habari zake bila shaka zilifika kwa Wambunga, Wandamba na Wapogoro waliokuwa wakiishi chini bondeni. Mkwawa alijiua Julai 19, 1898. Miezi mitatu na nusu kabla ya hapo, tarehe 5 Aprili, jeshi la Ujerumani lilikuwa limeipitisha rasmi bunduki iliyotoka katika kiwanda cha Paul Mauser, mjini Oberndorf: Gewehr 98.

Agosti 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Mahenge, ng'ambo ya mto kutoka Ifakara. Walikutana na bunduki za rasharasha. Miaka kumi na mbili baadaye, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, bonde lilipitiwa na majeshi ya dola tatu. Wajerumani wa kamanda von Lettow-Vorbeck waliifanya Mahenge ngome yao na kula mpunga wa wakulima wa huku. Waingereza na askari wa King's African Rifles walikuwa wakiwasukuma, na Wabelgiji pamoja na askari wao kutoka Kongo waliiteka Mahenge Oktoba 9, 1917. Kila jeshi lilikuja na bunduki zake na risasi zisizoingiliana na za wengine. Zilizotupwa porini, zilizofichwa na zilizotekwa hazikuhesabiwa na mtu.

Vita hivyo vinafundisha jambo ambalo mnunuzi wa leo analihitaji. Mwaka 1914 nyingi kati ya kampuni 14 za jeshi la Wajerumani hapa zilikuwa bado na Mauser ya 1871, yenye baruti nyeusi ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali askari alipolala. Aprili 1915 meli ya Rubens, ikisafiri kwa jina la uongo la Kronborg, ilipenya kizuizi cha Waingereza ikiwa na shehena iliyojumuisha Mauser mpya kama 1,800 na mamilioni ya risasi. Ilishambuliwa katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na mabaharia wake wakaiacha izame kwenye maji ya kina kifupi. Shehena iliopolewa. Risasi zilizoloana maji ya chumvi zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya, na bado nyingi zilikataa kulia. Mtambo mzuri kuliko yote duniani hauna msaada ukilishwa risasi mbovu. Na kila anayesifu Mauser kuukuu akumbuke kwamba bunduki hizo ziliishi maisha ya namna hiyo: maji ya bahari, tope la masika, mafuta yasiyopatikana, fundi aliye mbali.

Kwa nini Mauser ya 98

Ukiichomoa bolti ya Mauser 98 na kuiweka kiganjani, sababu za sifa yake unaziona kwa macho. Mbele, pande mbili, kuna meno mawili makubwa yanayoingia katika mwili wa mtambo na kufunga karibu kabisa na chemba, kwa hiyo nguvu ya mlipuko hubebwa pale pale inapozaliwa. Nyuma kuna jino la tatu, la akiba, linalobaki kumlinda mpigaji iwapo yale mawili ya mbele yatakatika. Tumboni mwa bolti kuna matundu ya kutolea gesi pembeni ikiwa ganda litapasuka, na nyuma kabisa kuna ngao ndogo ya chuma inayoigeuza gesi isiende jichoni. Ubavuni imelala kucha ndefu ya kuvutia ganda. Kucha hii inaishika risasi tangu inapotoka katika magazini hadi ganda linaporushwa nje, haiiachii katikati. Mtu akikoki kwa pupa, au bunduki ikiwa imeinamishwa, risasi haipotei njiani.

Kwa mwindaji wa mbogo kucha hiyo ni uhai. Mbogo aliyejeruhiwa ndani ya matete ya Kilombero haonekani mpaka amefika, na risasi ya pili lazima iingie chemba bila ubishi.

Mafundi wa Ulaya waliligundua hilo mapema. John Rigby wa London alianza kujenga raifo za kuwinda juu ya mtambo wa Mauser mwishoni mwa karne ya 19. Kampuni yake iliomba Oberndorf mtambo mrefu zaidi kwa ajili ya risasi kubwa, na mwaka 1911 ikatoa .416 Rigby. Holland & Holland walifuata mwaka 1912 na .375, risasi ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha uwindaji wa wanyama hatari katika Afrika.

Lakini mfano unaotuhusu sisi moja kwa moja ni wa fundi wa Berlin, Otto Bock. Mwaka 1905, mwaka ule ule wa Maji Maji, Bock alibuni risasi ya 9.3×62. Walowezi na wawindaji waliokuwa wakienda makoloni ya Ujerumani ya Afrika walihitaji raifo yenye nguvu ya kumwangusha mnyama mkubwa, nao wengi hawakuwa na fedha za kununua bunduki za kifahari za Kiingereza za mitutu miwili. Bock aliipima risasi yake iingie sawasawa katika mtambo wa kijeshi wa kawaida, bila kuukata chuma chake. Hapo ndipo biashara ya kujenga raifo juu ya mtambo wa kijeshi ilipojifungamanisha na nchi hii. Wazo zima lilikuwa kupata nguvu kwa bei nafuu kwa kutumia mtambo ambao viwanda vilikuwa tayari vinautoa kwa wingi.

Vita viwili vya dunia viliongeza akiba hiyo mara nyingi. Mauser K98k pekee, ile fupi ya Vita vya Pili, zilitengenezwa zaidi ya milioni 14. Kwa upande wa Waingereza kulikuwa na Lee-Enfield za .303, na bunduki nyingine iliyoitwa P14, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza. BSA na Parker-Hale, kampuni mbili za Birmingham, zilizigeuza bunduki hizi kuwa raifo za kuwinda na kuziuza makoloni. Kwa hiyo mtu anayekutana leo na raifo ya zamani katika mkoa wa Morogoro, iwe imerithiwa au imenunuliwa kihalali, ana nafasi kubwa ya kukuta ndani yake mtambo uliowahi kuwa mali ya jeshi fulani.

Mitambo hii hailingani. Meno ya Lee-Enfield hufunga nyuma ya bolti, mbali na chemba, na mtambo hunepa kidogo unapopigwa. Kwa .303 haina neno, lakini hakuna fundi makini atakayeifungia mtutu wa risasi kubwa ya mbogo. P14 ni nzito na ndefu, na chuma chake kinatosha hata kwa risasi ndefu za .375. Mauser 98 iko katikati: ina nguvu na umbo safi, ila urefu wake una mpaka. Mpaka huo ndio unaogongana na sheria zetu, na nitaurudia.

Kasoro zilizojificha

Wauzaji wa mitambo ya kijeshi hupenda kuonyesha nembo za kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Vitu hivyo havimlindi mtu. Fundi anayejali hutazama mahali pengine.

Kwanza, hutazama mgongo wa yale meno mawili na mahali yanapogusa ndani ya mtambo. Bolti iliyopigwa maelfu ya mara huchimba kijishimo pale. Kijishimo kikiongezeka, bolti hurudi nyuma kidogo kila inapofungwa, na nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda hupanuka. Ganda lisiposhikiliwa barabara hunyooka, hukatika, na gesi hutafuta njia. Nafasi hiyo haipimwi kwa jicho wala kwa mazoea. Hupimwa kwa geji za chuma zilizochongwa kwa kaliba husika: moja ambayo bolti lazima iifunge, na nyingine ambayo bolti lazima iikatae. Asiye na geji hizo hajakagua mtambo, hata awe na mikono mizuri kiasi gani.

Pili, hutazama namba. Katika bunduki ya kijeshi iliyotoka kiwandani ikiwa kamili, namba ya bolti na namba ya mwili wa mtambo huwa sawa au huendana. Maghala ya jeshi yalipokuwa yakizikarabati bunduki kwa wingi, bolti zilichanganywa. Bolti ya bunduki nyingine inaweza kufaa, na inaweza isifae. Namba zisizoendana zinamwambia fundi apime upya kila kitu.

Tatu, huuliza juu ya ugumu wa chuma. Mitambo mingi ya wakati huo ilitengenezwa kwa chuma laini kilichogandishwa ngozi ngumu kwa moto. Moto ukikosewa, chuma huvunjika kama kigae. Wamarekani walijifunza hilo kwa uchungu. Bunduki zao za Springfield za 1903 zilizotoka katika kiwanda cha Springfield zikiwa na namba chini ya 800,000 zilikutwa na chuma kilichopashwa moto kupita kiasi, baadhi zikapasuka mikononi mwa askari, na jeshi likabadili utaratibu wa tanuri mwaka 1918. Hadi leo wataalamu huwaonya watu wasizipige. Mtambo wa namna hiyo ukingojea mnunuzi mezani unafanana kabisa na mzuri. Na hata mtambo mzuri unaweza kuharibiwa na fundi: anayeuchoma gesi ili kukunja mpini wa bolti bila kuyakinga meno na joto, amemaliza kazi ya tanuri la Oberndorf kwa dakika chache.

Nne, kuna kutu. Fataki za risasi za kijeshi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Katika bonde ambalo mto hufurika masika na mbuga kugeuka ziwa, bunduki iliyopigwa risasi hizo bila kuoshwa kwa maji huanza kuliwa usiku huo huo. Kubadili mtutu kunaondoa tatizo la mtutu. Vishimo vya kutu chini ya ubao, katika tumbo la mtambo, vinabaki, na havionekani mpaka kitako kivuliwe.

Tano, risasi zenyewe. Mauser za 8 mm zina mitutu ya vipimo viwili. Risasi ya 1888 ilikuwa na kichwa cha inchi .318. Kuanzia 1905 Wajerumani walihamia .323. Tofauti ni ndogo kuliko unene wa kadi, lakini kichwa kikubwa kikisukumwa katika mtutu mwembamba hupandisha shinikizo kwa kiwango cha hatari. Anayenunua sanduku la risasi kwa kusoma “8 mm Mauser” pekee anacheza na maisha yake.

Ulaya walitafuta njia ya kumtoa mnunuzi katika kubahatisha. Birmingham, London, Liège na miji ya Ujerumani kuna nyumba za majaribio ambako kila bunduki hupigwa risasi yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida kabla haijauzwa, kisha hugongwa muhuri. Nchi zilizojiunga na tume ya kimataifa ya CIP, iliyoanzishwa mwaka 1914, zinatambua mihuri ya wenzao. Tanzania si mwanachama. Kwa hiyo raifo iliyofungiwa mtutu mpya hapa nyumbani haina muhuri wa mtu yeyote. Dhamana yake ni jina la fundi tu.

Kaliba, sheria na urefu wa mtambo

Kanuni za uwindaji wa wanyama hatari katika Tanzania zimeweka .375 kuwa kipimo cha chini. Hapo mnunuzi wa mtambo wa kijeshi anakutana na ukuta. 9.3×62 ya Otto Bock, risasi iliyobuniwa kwa ajili ya Afrika na kwa ajili ya mtambo huu, ina kichwa cha inchi .366. Inapungukiwa kwa upana wa unywele, na sheria haipimi kwa huruma.

.375 ya Holland & Holland inakubalika, lakini ni ndefu. Ili iingie katika magazini ya Mauser ya kawaida, fundi lazima akate chuma mbele na nyuma ya dirisha la mtambo, na chuma cha mbele ndicho kinachobeba jino la chini la bolti. Mafundi hodari waliwahi kuifanya kazi hiyo na raifo zao zikadumu. Mafundi wasio hodari walidhoofisha mahali pale pale ambapo Paul Mauser aliweka nguvu. .404 Jeffery, risasi iliyobebwa sana na askari wa wanyamapori wa Tanganyika na Kenya wakati wa Waingereza, ina tatizo la aina hiyo hiyo.

Njia iliyobaki ni .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, iliyotengenezwa kwa makusudi iingie katika mtambo wa urefu wa kawaida. Ndiyo sababu Mauser nyingi za kijeshi zilizogeuzwa baada ya mwaka huo zina mtutu wa .458. Kisheria inatosha, na kiufundi inaingia. Lakini kwa mwindaji wa bonde hili, ambaye siku nyingi anamlenga sheshe, swala wa mbugani, au nguruwe pori ng'ambo ya uwazi wa mbuga, .458 ni nzito mno na risasi yake hushuka haraka. Kwa hiyo mtambo wa kijeshi wa kawaida unafaa sana kwa raifo ya wanyama wadogo na wa kati. Kwa mbogo, gharama ya kuugeuza vizuri hukaribia au kupita bei ya raifo mpya ya kiwandani iliyojengwa kwa .375 tangu mwanzo. Ndugu zangu wawindaji wanaovutiwa na bei ndogo ya mtambo wahesabu kwanza mtutu, kitako, vilengeo, geji, kazi ya fundi na majaribio. Mtambo ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo.

Karatasi ni sehemu ya silaha

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haimruhusu mtu kumiliki, kuingiza, kutengeneza wala kuuza silaha bila kibali. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoisaini, inazitaka serikali zipige marufuku raia kumiliki raifo za otomatiki na nusu otomatiki, na kuhakikisha kila silaha ina alama na kumbukumbu. Raifo ya kukoki kwa mkono haimo katika marufuku hiyo, na ndiyo maana mtambo wa Mauser una mlango wa kisheria ambao bunduki za vita za kisasa hazina.

Mlango huo ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani. Watu husema, “Nimenunua mtambo tu, si bunduki.” Marekani, mwili wa mtambo ndio silaha mbele ya sheria, hata kama hauna mtutu wala ubao. Uingereza, sehemu zinazobeba shinikizo la mlipuko zinahesabiwa kama silaha. Anayeagiza mtambo kutoka nje akidhani ni kipuri kama cha trekta anaweza kujikuta mahabusu kabla hajauona. Hapa kwetu maombi ya umiliki huanzia serikali ya kijiji au mtaa na kupanda ngazi za kamati za usalama hadi kwa polisi. Mtambo unaoingia nchini lazima uwe na jina la mmiliki, namba na kazi iliyokusudiwa kabla ya kuvuka mpaka.

Soko la dunia linazidi kuonyesha kwa nini hilo ni muhimu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 wafanyabiashara wa Marekani wamekuwa wakiuza maelfu ya bunduki kuukuu zilizotoka katika maghala ya Ethiopia: Mauser za nchi mbalimbali, Lee-Enfield, Carcano za Waitaliano. Kwa karne nzima bunduki zilizokataliwa Ulaya zilikuja Afrika; sasa zinarudi ng'ambo zikiwa zimechakaa, kwa wanaozipenda kama kumbukumbu na kama mitambo ya kujengea. Nyingi zimepigana vita zaidi ya kimoja, na hadithi nzuri ya historia inaweza kupandisha bei ya chuma kilichochoka.

Ujangili na gobore

Hakuna uchambuzi wa silaha katika bonde hili utakaokuwa wa kweli ukinyamaza juu ya ujangili. Katika Pori la Akiba la Selous na maeneo yanayolizunguka, bonde hili likiwemo, tembo walikadiriwa kuwa kama 109,000 mwaka 1976. Sensa ya 2013 iliwakuta takribani 13,000. Raifo za kaliba kubwa ni kati ya vyombo vilivyofanya maangamizi hayo. Sheshe, ambaye bonde la Kilombero lilikuwa na sehemu kubwa ya wote waliobaki duniani, naye amepungua sana kwa uwindaji, kilimo na mifugo, ingawa eneo hili lilitambuliwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar.

Raifo isiyo na kumbukumbu huazimwa, hukodishwa na kubadilishwa mikono, na haimrudishi mpelelezi kwa mtu yeyote. Mtambo wa kijeshi usio na namba safi ndio hatari zaidi, kwa kuwa una nguvu ya kweli na hauna jina. Upande wa pili kuna gobore, linalotengenezwa vichochoroni kwa bomba na mbao. Linamjeruhi mwenye nalo mara kwa mara, na linaacha wanyama wakitangatanga na majeraha. Mkulima wa mpunga anayeamka kukuta shamba limelaliwa na viboko ana haki ya kupata msaada, lakini msaada huo ni wa askari wa wanyamapori wanaofika kwa wakati na njia za kuwafukuza wanyama bila kuua. Kumwachia gobore ni kuendeleza mgawanyo ule wa Brussels wa 1890.

Nini kifanyike

Kwa mnunuzi mmoja mmoja, hukumu yangu ni wazi. Mtambo wa Mauser 98 wenye namba zinazoendana, uliopimwa kwa geji, usio na vishimo vya kutu na ulioingia kwa kibali, ni msingi bora wa raifo ya wanyama wa kati. Kwa mbogo, nunua raifo iliyojengwa kwa .375 tangu kiwandani. Lee-Enfield ibaki kwenye .303 yake. Na mtambo wowote ambao muuzaji hawezi kueleza ulikotoka, uache, hata ukiwa bei ya kutupa.

Kwa taifa, kazi ni kubwa zaidi. Ufundi wa silaha ni ujuzi wa vipimo, na mkoa wa Morogoro tayari una Shirika la Mzinga, linalotengeneza risasi. Ni mahali pazuri pa kuanzia mafunzo ya mafundi wachache wenye leseni, wenye geji za kaliba zinazotumika nchini, na wenye muhuri wa taifa wa kuthibitisha raifo iliyofanyiwa kazi. Polisi na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, wanaweza kutumia muda wa kuhuisha leseni kuzikagua raifo zote za zamani za bondeni, moja baada ya nyingine, na kuzitoa zile zilizochoka kabla hazijamlipua mtu. Serikali imekwisha kutangaza zaidi ya mara moja vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari. Katika kila kipindi kama hicho mtaalamu awepo mezani, ili kila bunduki kuukuu ipewe namba, hukumu na mahali pa kwenda: kuharibiwa, kuhifadhiwa makumbusho, au kurudishwa kwa mmiliki halali ikiwa salama.

Tumekuwa wapokeaji wa silaha zilizoamuliwa na wengine tangu enzi za majahazi ya Unguja. Tukiwa na mafundi wetu, geji zetu na kumbukumbu zetu, uamuzi wa bunduki ipi inafaa katika bonde la Kilombero utakuwa wetu.